Lambo, bwawa la mchanga, kisima kirefu au mfereji: ulinganisho kwa wakulima wa nchi kavu

Kikundi cha wakulima wa Dodoma, Singida, Same, Kitui au Makueni kinapopata fedha kidogo za maendeleo, mjadala huanza mara moja: tuchimbe kisima kirefu, tuchimbe lambo la kuvuna maji ya mvua, tujenge bwawa la mchanga, au tuvute mfereji kutoka mtoni? Mjadala huo ni wa lazima, lakini kwa maoni yangu unapaswa kutanguliwa na swali jingine ambalo mara nyingi halijibiwi, nalo ni hili: katika mwaka mbaya, maji hayo yatatosha ekari ngapi? Skimu nyingi za umwagiliaji za nchi kavu zimekwama si kwa sababu maji yalikosekana kabisa, bali kwa sababu mashamba yalipanuliwa kwa kipimo cha mwaka wenye mvua nzuri, na mwaka wa kawaida uliporudi kila mwenye shamba akajikuta na nusu ya haki yake. Hapa chini nimeziweka njia hizo pamoja na kuzipima kwa kipimo hicho kimoja, yaani eneo ambalo kila njia inaweza kulihudumia kwa uhakika, na athari yake kwa maji ya wengine.

Tuanze na mvua yenyewe. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, ilhali jua na upepo wa huko vinaweza kuvukiza takriban mita 2 za maji ya wazi kwa mwaka. Ukambani, yaani Machakos, Kitui na Makueni nchini Kenya, ina misimu miwili ya mvua, lakini yote ni mifupi, na wakulima wengi huitegemea vuli kuliko masika. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa kuwa ekari ni karibu mita za mraba 4,000, milimita 550 huangusha juu ya ekari moja kiasi cha mita za ujazo 2,200. Mtama huhitaji milimita 450 hadi 650 kwa msimu, na mahindi 500 hadi 800. Ukizilinganisha hesabu hizi, utaona kwamba mvua ya mwaka haiko mbali sana na mahitaji ya mtama, uwele, kunde au choroko. Tatizo ni kwamba mvua hiyo huja kwa vishindo vichache, sehemu kubwa hutiririka juu ya udongo mgumu na kuishia korongoni, kisha hufuata wiki mbili au tatu za ukame wakati mmea unatoa maua.

Shamba lenyewe kama ghala la maji

Kwa sababu hiyo, njia ya kwanza ya kuilinganisha na nyingine zote ni ile isiyo na bomba wala pampu, yaani kulifanya shamba lishike mvua inayoliangukia. Ukambani njia hiyo inajulikana kwa jina la fanya juu: mkulima huchimba mtaro kwa kufuata kontua, yaani mstari wa mwinuko ulio sawa, hurusha udongo upande wa juu ili ufanye tuta, hupanda majani ya mifugo juu ya tuta hilo, na baada ya miaka kadhaa eneo lililo kati ya tuta moja na jingine husawazika lenyewe na kuwa kama ngazi. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliielezea Machakos kama nchi iliyokuwa ikiharibika kiasi cha kukatisha tamaa, wakati watu wake walikuwa takriban 240,000. Kufikia mwaka 1989 watu walikuwa karibu milioni 1.4, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kwa kila ekari yalikuwa yameongezeka. Matuta yaliyolazimishwa na serikali ya kikoloni hayakupendwa. Yale ya fanya juu, ambayo watu waliyachimba wenyewe, mara nyingi kwa kazi ya pamoja ya mwethya, ndiyo yaliyoenea. Ninaueleza mfano huu kwa urefu kwa sababu ni ushahidi mkubwa tulio nao katika Afrika Mashariki kwamba ardhi kavu inaweza kubeba watu wengi zaidi bila kuchukua maji ya mtu mwingine.

Upande wa Tanzania, kijiji cha Chololo mkoani Dodoma kimelipa jina lake shimo dogo la kupandia lenye upana wa sentimita 20 na kitu na kina cha sentimita 30 hivi, linalotiwa samadi au mabaki ya mazao na kupandwa mbegu chache za mtama, uwele au mahindi. Udongo uliotolewa huwekwa upande wa chini ili kuzuia maji yasipite. Mashimo hayo huvuna maji ya eneo linaloyazunguka na kuyaweka palipo mizizi. Gharama yake kubwa ni jasho la msimu wa kwanza, na hiyo si gharama ndogo kwa kaya isiyo na vijana; lakini haihitaji kibali, haina mkandarasi, na haivunjiki pampu. Udhaifu wake ni mmoja na lazima usemwe wazi: udongo ukishaishiwa unyevu baada ya wiki tatu za jua kali, hakuna akiba nyingine ya kuugeukia. Ndiyo maana naona njia hii ni msingi, na nyingine zote ni nyongeza inayojengwa juu yake.

Lambo: zuri kwa kuokoa, dhaifu kwa kiangazi

Lambo la familia lenye mita za ujazo 1,000, tuseme lenye eneo la mita za mraba 500 na kina cha wastani cha mita 2, linaonekana kuwa maji mengi sana siku linapojaa. Tatizo ni siku zinazofuata. Kwa uvukizi wa milimita 6 kwa siku, miezi mitano ya kiangazi hulipunguza kwa milimita 900, yaani mita za ujazo 450, kabla hujahesabu maji yanayopenya chini. Anayesubiri kiangazi ili alime nyanya atabaki na takriban nusu ya maji yake, na kwa kuwa ekari moja ya nyanya ya umwagiliaji wa matone, yaani wa mabomba yanayodondosha maji kwenye mizizi, yaweza kuhitaji mita za ujazo 2,000 au zaidi, nusu hiyo haitoshi zaidi ya robo ekari.

Maji hayohayo yakitumiwa ndani ya msimu wa mvua, hesabu inabadilika kabisa. Mkulima aliyepanda mtama au mahindi huhitaji pengine kumwagilia mara mbili, milimita 50 kila mara, pale mvua inapokatika wakati wa maua. Hizo ni mita za ujazo 400 kwa ekari. Lambo letu la mita za ujazo 1,000 linaweza basi kuokoa ekari mbili za nafaka, na likabahatika kujaa tena kabla mvua haijakoma. Ukilinganisha robo ekari ya nyanya na ekari mbili za chakula, utaelewa kwa nini ninawashauri wenye lambo dogo waanze na nafaka na kunde, na bustani ya mboga waifanye kwa maji yatakayobaki. Najua nyanya huleta fedha taslimu na mtama hauleti nyingi. Lakini bei ya nyanya huanguka pale nyote mnapovuna kwa pamoja, na lambo halisubiri bei.

Mahali pazuri pa lambo ni kwenye udongo wa mfinyanzi, chini ya mteremko unaoleta maji lakini usioleta matope mengi, na juu ya mlango wake pawe na shimo la kutuliza tope. Likichimbwa kwenye udongo wa kichanga bila kutandikwa karatasi ngumu ya plastiki, litakuwa limekauka kabla mtama haujachanua. Lizungushiwe uzio, kwa usalama wa watoto na mifugo. Kwa Wasukuma wenye mbuga za udongo mzito, majaluba ya mpunga yaliyozungushiwa kingo hufanya kazi inayofanana bila kuchimba lambo, kwa kuwa mvua na maji ya mteremko hukaa shambani humohumo.

Bwawa la mchanga: mto ukikubali

Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji unaojengwa kukatisha mto wa msimu, juu ya mwamba, ili mafuriko yalete mchanga na kuujaza upande wa juu. Maji hukaa ndani ya mchanga, si juu yake. Faida yake kuu dhidi ya lambo ni uvukizi: maji yakishashuka chini ya uso wa mchanga kwa nusu mita hadi mita moja, jua haliyafikii tena kwa kiasi cha kutisha. Mbu hawazaliani humo, na mchanga huyachuja maji kiasi. Kitui ina mamia ya mabwawa ya aina hii, na katika Machakos na Makueni vikundi vya kijamii vimeyajenga kwa miongo kadhaa, wanajamii wakitoa mawe, mchanga na nguvu kazi.

Lakini ukubwa wake hudanganya. Ukuta wa mita 2 unaorudisha mchanga mita mia kadhaa nyuma unaweza kushikilia mita za ujazo 4,000 za mchanga. Kama mchanga ni wa chembe kubwa, robo hivi ya ujazo huo ndiyo maji yanayoweza kutolewa, yaani mita za ujazo 1,000, sawa na lile lambo letu. Tofauti ni kwamba kingo za mto nazo hunywa maji na kuyarudisha polepole, na kwamba akiba hiyo inaweza kufika mwishoni mwa kiangazi. Kama mto unaleta tope jembamba badala ya mchanga, bwawa hilo litakuwa ukuta wa gharama kubwa wenye unyevu kidogo nyuma yake. Hapo jiolojia ndiyo mwamuzi: nchi ya mawe ya itale na jamii yake, kama sehemu kubwa ya Ukambani na Dodoma, hutoa mchanga mzuri, nchi ya udongo wa volkano kwa kawaida haitoi.

Kuna jambo la pili linaloamua, nalo si la kihandisi. Mchanga huohuo unatafutwa na wajenzi wa miji. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 baada ya miaka ya malori kubeba mito ya msimu kuelekea kwenye ujenzi, na migogoro ya mchanga katika eneo hilo imewahi kugharimu maisha ya watu. Kikundi kisichoweza kuulinda mto wake, kwa makubaliano na vijiji vya juu na chini na kwa msaada wa serikali ya eneo, kisijenge bwawa la mchanga, hata kama mwamba ni mzuri.

Kisima kirefu: maji ya zamani, matumizi ya leo

Kisima kirefu ndicho kinachopendwa zaidi na wafadhili na wanasiasa, pengine kwa sababu maji yake huonekana siku ya uzinduzi. Katika miamba migumu ya nchi yetu kavu, kisima cha kawaida hutoa mita za ujazo moja hadi tatu kwa saa. Tuchukue mbili. Pampu ya sola inayofanya kazi vizuri kwa saa sita itatoa mita za ujazo 12 kwa siku, na kwa umwagiliaji wa matone, zao linalohitaji milimita 6 kwa siku litamaliza maji hayo kwenye chini ya nusu ekari. Nusu ekari, kwa gharama ya kuchimba mita 100 au zaidi, mabomba, pampu, paneli na tangi. Kama kisima hicho pia ndicho cha kunywa, hata nusu ekari hiyo ni nyingi.

Swali zito zaidi ni kasi ya maji hayo kurudi. Katika bonde la Makutupora, linaloupatia maji mji wa Dodoma, kina cha maji ya ardhini kimepimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo zimeonyesha jambo ambalo kila mchimba kisima angepaswa kulijua: akiba haijazwi kidogo kidogo kila mwaka, bali hujazwa kwa sehemu kubwa na misimu michache yenye mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998. Kati ya misimu hiyo, maji hushuka tu. Mwenye kisima anayemwagilia kwa mwaka wa kawaida, basi, anatumia maji yaliyowekwa na mafuriko ya miaka iliyopita, na hajui mafuriko yajayo yatakuja lini. Pampu ya sola inaongeza hatari hiyo kwa sababu haidai dizeli. Ikishanunuliwa, hakuna gharama ya kila siku inayomkumbusha mtu kuizima.

Ubora nao upimwe kabla ya kulipia chochote. Maeneo ya Singida, Shinyanga, Arusha na Bonde la Ufa yana floridi nyingi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na visima vingi vya Kitui, Makueni na Dodoma vina chumvi. Maji ya chumvi yakitumiwa kwa matone mwaka baada ya mwaka bila mvua ya kuosha udongo, huacha ganda jeupe na shamba lisilootesha.

Mfereji kutoka mtoni

Mfereji ndio njia rahisi kuliko zote kwa mtu aliye juu, na ghali kuliko zote kwa mtu aliye chini. Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, baada ya mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu mkoani Mbeya, makubwa na madogo, kupanuka upande wake wa juu. Ardhi oevu ya Ihefu, inayoupa mto maji wakati wa kiangazi, ilipokosa maji ya kutosha, wanyama wa Hifadhi ya Ruaha walibaki kwenye madimbwi, na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yalikuwa upande wa chini wa mto huohuo. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu, na mwaka 2008 eneo la Ihefu likaingizwa ndani ya hifadhi, lakini mto uliendelea kukauka kiangazi. Ninaumia kila ninaposikia lawama ya Usangu ikiwekwa juu ya mfugaji peke yake, wakati mageti ya mifereji yalikuwa wazi hata miezi ambayo hapakuwa na mpunga shambani.

Skimu ya Lower Moshi, mkoani Kilimanjaro, nayo inafundisha jambo kama hilo kwa upande wa pili. Ilikamilika mwaka 1987 ikiwa na eneo la hekta 2,300, zikiwemo hekta 1,100 zilizokusudiwa mpunga; faida ya mpunga ilipoonekana, wakulima walio juu ya mto nao wakalima mpunga, na maji ya skimu yakapungua. Hakuna aliyejiona kuwa anaiba. Kila mmoja aliona maji yakipita mbele ya shamba lake.

Ukilinganisha na hayo, ndiva za Upare zinanipa moyo zaidi. Ndiva ni bwawa dogo linalojazwa usiku kwa maji ya kijito na kufunguliwa asubuhi, kwa zamu inayojulikana na kila mwenye shamba. Haiongezi maji, huyakusanya yawe na nguvu ya kufika mwisho wa mfereji, na zamu yake huweka mpaka wa ekari bila karatasi.

Hapa niseme neno kuhusu matone. Mifereji ya kawaida hufikisha kwenye mizizi takriban asilimia 60 ya maji yanayoingizwa shambani, na matone asilimia 90 hivi, kwa hiyo wengi hudhani kubadilisha mfereji kwa matone kunaurudishia mto tofauti hiyo. Mara nyingi haiwi hivyo. Sehemu ya maji yanayopotea mferejini hurudi mtoni au kwenye maji ya ardhini na kutumiwa na mwingine. Mkulima aliyeweka matone, kwa upande wake, hutumia alichookoa kuongeza ekari. Matone ni chombo kizuri pale tu eneo la shamba limewekewa ukomo kabla ya mabomba kununuliwa.

Ipi ichaguliwe wapi

Kwa shamba la mteremko lisilo na mto karibu, ningechagua fanya juu au mashimo ya Chololo kwanza, na lambo msimu wa pili au wa tatu, baada ya kuona ni maji kiasi gani bado yanatoroka. Mara nyingine matuta hupunguza mtiririko kiasi kwamba lambo lililokusudiwa laweza kuwa dogo zaidi, na hiyo ni fedha iliyookolewa. Palipo na mto wa mchanga wenye mwamba usiozidi mita chache chini na kingo imara, bwawa la mchanga lina nafasi ya kwanza kwa maji ya watu, mifugo na bustani ndogo ndogo za kingoni, mradi ulinzi wa mchanga upo. Kijiji kisicho na maji ya kunywa kabisa kichimbe kisima kirefu bila kusita, lakini kiandike katika kanuni zake kwamba maji ya shamba yatakuwa ya kitalu cha miche na si zaidi, mpaka kina cha maji kiwe kimepimwa kwa misimu kadhaa. Mfereji mpya kutoka mto unaopungua kiangazi nisingeushauri, isipokuwa kwa mtindo wa ndiva na kwa idhini ya walio chini.

Kisheria, Tanzania inahitaji kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009, na Kenya ina mamlaka yake ya rasilimali za maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Kikundi kisiione hatua hiyo kama usumbufu. Kibali ndicho kitakachowatetea siku jirani wa juu atakapopanua shamba.

Vipimo vifanywe wakati maji ni machache. Mtiririko wa mto upimwe mwishoni mwa kiangazi, si wiki mbili baada ya mvua. Kina cha mchanga kipimwe kwa nondo sehemu kadhaa hadi kugonga mwamba. Na kisima kirefu kijaribiwe kwa pampu kuvuta saa 24 au zaidi mfululizo huku kushuka kwa maji kukiandikwa, kisha mkandarasi asilipwe fungu la mwisho kabla kikundi hakijakabidhiwa karatasi ya vipimo hivyo pamoja na majibu ya maabara ya chumvi na floridi.